Isipokuwa

Nilikuwa na bima miaka sita
kabla sijawa na mkataba.
Yaani bahasha ilikaa kabatini
chini ya vyeti vya watoto na risiti za saruji,
na kila Januari nililipa ada, nikapanda kurudi Igogo,
nikalala kama mtu aliyefunga mlango kwa makomeo mawili.

Usiku ule wa Aprili
upepo ulitoka ziwani bila kupiga hodi,
ukang'oa mabati manne.
Halafu mvua. Halafu, saa tisa na kitu,
lile jiwe la nyuma ya jiko,
ambalo marehemu Nsulwa alianikia mihogo,
likasogea.
Shibiri moja tu.
Ukuta ukafunguka, nikaona taa za bandari
mahali ambapo jana palikuwa na rafu ya sahani.

Asubuhi nikaitoa bahasha.
Herufi kama dagaa waliomwagwa juani.
Binti yangu Kabula akasoma, nami nikasikiliza
kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

Moto: ndiyo. Radi: ndiyo.
Mwizi: ndiyo, ila avunje kitu;
ukimwachia mlango wazi, machoni pa kampuni huyo ni mgeni.
Dhoruba: ndiyo. Nikapiga meza.
Kabula akainua kidole, hajamaliza:
isipokuwa.

Neno hili nimelitumia tangu utotoni,
wote waje isipokuwa Shija,
sikujua kama lina meno.
Isipokuwa maji ya ziwa yakipanda taratibu.
Isipokuwa mchwa, kutu, na uzee wa nyumba
(uzee wa mwenye nyumba haukutajwa).
Isipokuwa ardhi kuteleza na miamba kusogea.

Mkadiriaji alikuja Jumatano, kijana Balele,
viatu vya ofisini, tope hadi kwenye soksi.
Akapima jiwe kwa futi ya chuma, akalipiga picha
mbele na ubavuni, kama mtuhumiwa.
Nikamwambia: upepo ulileta mvua,
mvua ikalainisha udongo, udongo ukaliachia jiwe,
jiwe likasukuma ukuta wangu.
Katika msururu huo, nani kavunja?
Akasema: mzee, kampuni inaangalia chanzo cha karibu.
Nikasema: huku kwetu kilimani kila kitu kiko karibu.
Akacheka. Hakuandika.

Mabati wamelipa.
Wakakata kwanza ile laki mbili
ambayo mkataba unasema nitajibebea mwenyewe,
wakakata na uchakavu.
Ukuta: hapana.
Cherehani ya Nsulwa, iliyolowa ikashika kutu:
hapana, maana nilikatia bima nyumba,
sikuvikatia vilivyomo.

Hapo nilinyamaza muda mrefu.
Mimi nilidhani nyumba ni vilivyomo.

Jana Bi. Nyanjige wa ngazi ya juu
kaja na bahasha yake, bado inanukia gundi,
anatia saini Ijumaa.
Sikumzuia. Mabati yangu mapya yanameta, anayaona.
Nilimwambia tu: anzia nyuma.
Litafute lile neno, lipigie mstari kila lilipo,
kisha umwulize wakala mbele ya shahidi:
na jiwe je?
Na cherehani?
Na nikijenga upya kwa bei ya saruji ya leo,
si ile ya mwaka niliopaua?

Alipoondoka nikazunguka nyuma ya jiko.
Jiwe limetulia, lina joto la mchana,
mjusi kichwa chekundu, mkia wa buluu,
anapiga pushapu juu yake kama mwenye hati.
Nimechora mstari wa chaki pale lilipoishia.
Kila mvua ikikatika natoka na tochi
kuutazama.
Ada hiyo haina risiti.